Kesi ya Derek Chauvin: watu 12 katikati ya mji uliokwisha kuamua

Tarehe 17 Machi 2021, Jaji Peter Cahill aliwaita tena kwa njia ya video, mmoja baada ya mwingine, watu saba ambao alikuwa ameshawateua kuamua kesi ya Derek Chauvin, askari polisi wa Minneapolis, Marekani, aliyeshtakiwa kwa kumuua George Floyd. Siku tano nyuma Halmashauri ya Jiji la Minneapolis ilikuwa imeidhinisha dola milioni 27 kwa familia ya George Floyd, kumaliza madai yao dhidi ya jiji. Jaji alitaka kujua mambo mawili tu: je, umesikia habari hiyo? Na kama umesikia, bado unaweza kumwamulia mshtakiwa kwa ushahidi utakaoletwa hapa peke yake? Watano walisema wanaweza. Wawili walisema hawawezi, na mmoja wao alikiri wazi kuwa kiasi chenyewe kilimshtua. Cahill akawaruhusu waende zao.

Naanza na siku hiyo kwa sababu ndiyo inayoonyesha hasa maoni ya umma yanapoingilia haki mahakamani yanapitia mlango gani. Kelele nyingi kuhusu kesi hii zilihusu video ya kifo cha Floyd. Dunia nzima iliiona, kwa hiyo, walisema wengi, hapakuwa na mtu katika jimbo la Minnesota ambaye angeweza kumwamulia yule askari kwa haki. Mimi naona video haikuwa tatizo kubwa. Tatizo kubwa lilikuwa mambo ambayo baraza la mahakama, yaani raia wanaoteuliwa kuamua kesi, halikupaswa kuyasikia kamwe, na juu ya hayo, hofu ya kitakachotokea mtaani siku ya uamuzi.

Kwa msomaji wa Tanzania aliyezoea wazee wa baraza wa Mahakama Kuu, ambao hutoa maoni na jaji hafungwi nayo, nguvu ya baraza la Marekani ni nyingine kabisa. Raia 12 wa kawaida ndio wanaosema kama mshtakiwa ana hatia au hana, kwa kauli moja, na jaji hana kura. Akili zao zikiingiliwa, hakuna mtu mwingine ndani ya chumba kile wa kurekebisha mambo papo hapo.

Kisa chenyewe kinajulikana, nitapita haraka. Tarehe 25 Mei 2020, kwenye makutano ya Mtaa wa 38 na Barabara ya Chicago mjini Minneapolis, nje ya duka la Cup Foods, Chauvin alimkandamiza Floyd kwa goti shingoni kwa dakika 9 na sekunde 29, Floyd akiwa amefungwa pingu na kulazwa kifudifudi. Msichana wa miaka 17 alirekodi kwa simu. Siku tatu baadaye kituo cha polisi cha eneo hilo kilichomwa moto. Maandamano yakaenea Marekani yote, kisha nje ya Marekani. Chauvin alifukuzwa kazi, akashtakiwa kwa mauaji ya daraja la pili yasiyokusudiwa, mauaji ya daraja la tatu na kuua bila kukusudia kwa uzembe. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Keith Ellison, alisimamia upande wa mashtaka. Utetezi uliongozwa na Eric Nelson.

Ombi la kwanza la Nelson lilikuwa la kuhamisha kesi. Hoja yake ilieleweka: Kaunti ya Hennepin, eneo ambalo Minneapolis imo, ndiyo iliyoungua, ndiyo iliyoandamana, na wakazi wake ndio wangekaa kwenye viti vya baraza. Cahill alikataa mwezi Novemba 2020, akakataa tena tarehe 19 Machi 2021, akieleza kwamba hakuna pembe ya Minnesota ambayo habari hii haikuifikia kwa wingi uleule. Alikuwa sahihi. Kesi huhamishwa ili kupata watu ambao hawajasikia, au waliosikia kidogo. Hapa watu hao hawakuwepo. Hennepin peke yake ina watu zaidi ya milioni 1.2, zaidi ya moja ya tano ya wakazi wote wa jimbo, na ina mchanganyiko wa watu kuliko sehemu kubwa ya Minnesota. Kuipeleka kesi kwenye kaunti ya vijijini kusingeleta watu wasioijua video. Kungeleta watu wengine tu, walioiona video ileile.

Na Marekani ina kidonda cha zamani kuhusu jambo hili. Mwezi Machi 1991 askari wa Los Angeles walimpiga Rodney King, na mtu mmoja akawarekodi akiwa kwenye roshani yake. Mahakama ya rufaa iliona Los Angeles imejaa habari mno, kesi ikahamishiwa Simi Valley, katika Kaunti ya Ventura, mji wa pembeni ambao polisi wengi waliupenda kwa makazi. Baraza lililopatikana halikuwa na mtu mweusi hata mmoja. Tarehe 29 Aprili 1992 lilishindwa kuafikiana kwenye shtaka moja tu, dhidi ya askari mmoja, na yote mengine likawaachia huru. Los Angeles ikawaka kwa siku kadhaa, watu zaidi ya 50 wakafa. Miaka minane baadaye jambo hilo lilijirudia kwa sura nyingine. Askari wanne wa New York waliofyatua risasi 41 na kumuua Amadou Diallo, mhamiaji kutoka Guinea asiyekuwa na silaha, walihamishiwa kesi kutoka Bronx hadi Albany, mbali sana kaskazini, nako wakaachiwa huru mwezi Februari 2000. Sisemi kwamba mabaraza yale yalidanganya. Nasema kuwa kuhamisha kesi si dawa isiyo na madhara. Ukiubadilisha mji, umebadilisha nani anakaa kwenye viti, maisha waliyoishi, na mara ngapi wao au ndugu zao wamewahi kusimamishwa barabarani na polisi. Anayesema kesi ihamishwe ili iwe ya haki anapaswa kueleza pia ni watu gani anataka waitwe.

Sasa tuitazame video yenyewe. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kuamua mwaka 1961, katika shauri la Irvin dhidi ya Dowd, kwamba mjumbe wa baraza halazimiki kuwa mtu asiyejua lolote. Inatosha kama anaweza kuyaweka kando aliyoyaamini na kuamua kwa ushahidi wa mahakamani. Lakini miaka miwili baadaye, katika shauri la Rideau dhidi ya Louisiana, mahakama hiyohiyo ilifuta hukumu bila hata kuuliza kama wajumbe waliathirika. Mshtakiwa alikuwa amerekodiwa jela akikiri kosa mbele ya mkuu wa polisi wa eneo, na televisheni ya hapo ikairusha filamu hiyo mara tatu. Majaji walisema kilichofuata mahakamani kilikuwa ganda tupu. Kesi halisi ilikwisha kusikilizwa kwenye televisheni.

Utetezi wa Chauvin uliegemea mantiki ya aina hiyo. Lakini visa hivi viwili vina tofauti kubwa. Kukiri kwa Rideau kulipatikana nje ya mahakama, bila wakili kando yake, na umma ukalishwa kama ukweli uliokamilika. Video ya Minneapolis ilikuwa ndiyo ushahidi wenyewe. Mjumbe ambaye hakuwahi kuiona nyumbani angeionyeshwa mahakamani mara nyingi, kwa pembe tofauti, pamoja na picha za kamera za miilini mwa askari. Mjumbe wa kwanza kabisa kuteuliwa alisema hakuwa ameitazama video ile, ingawa alikuwa amewahi kwenda kuona makutano yale Floyd alipofia. Siamini kwamba kutoiona kulimfanya kuwa mwamuzi bora kuliko wenzake.

Tena video haikuyajibu maswali yote ya kisheria, jambo ambalo watu wengi mtaani hawakulifikiria. Hakuna aliyebisha kwamba Chauvin alimkandamiza Floyd kwa goti. Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya kilichomuua Floyd: kukosa hewa, au moyo wake mgonjwa pamoja na dawa za kulevya za fentanili na methamfetamini zilizokutwa mwilini. Na kama askari mwenye busara angetumia nguvu ile, kwa muda ule, katika hali ile. Hapo ndipo zilipopotelea wiki za ushahidi. Dk Martin Tobin, bingwa wa mapafu, aliwaeleza wajumbe pumzi kwa pumzi jinsi kifua cha Floyd kilivyobanwa kati ya lami na uzito wa askari, huku wajumbe wakijigusa shingo zao wenyewe kufuata maelezo yake. Mkuu wa Polisi wa Minneapolis, Medaria Arradondo, alisimama kizimbani na kusema kuwa aliyoyafanya Chauvin hayakuwa mafunzo wala sera ya idara yake. Mtu aliyekuja na picha ya video tu kichwani alikuwa na mengi ya kujifunza hapo.

Uteuzi ulifanywa kwa uangalifu ambao kesi nyingi hazipati. Mwezi Desemba 2020 mahakama ilituma dodoso refu kwa watu zaidi ya 300. Liliuliza: umeiona video mara ngapi? Una maoni gani kuhusu Black Lives Matter, vuguvugu linalopinga ukatili wa polisi dhidi ya watu weusi, na kuhusu wanaounga mkono polisi? Umewahi kuandamana? Umewahi kufunzwa kupigana kwa mikono, umewahi kukabwa koo? Kisha kuanzia tarehe 9 Machi kila mtu aliletwa peke yake, wenzake wasimsikie. Jaji alianza, Nelson akafuata, kisha Steve Schleicher kwa upande wa mashtaka. Utetezi ulianza na haki ya kukataa watu 15 bila kutoa sababu, mashtaka 9. Katikati ya zoezi jaji akaziongeza hadi 18 na 10. Kuhoji mtu peke yake kuna thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Ukiwauliza watu 40 kwa pamoja kama wanaweza kutenda haki, wote watanyamaza, maana nani atanyanyua mkono aseme hawezi? Ukimkalisha mmoja kwa nusu saa na majibu yake ya maandishi mezani, atasema. Wengi walisema, wakaenda nyumbani. Waliobaki na kuamua walikuwa 12, wanawake saba na wanaume watano: weupe sita, weusi wanne, na wawili wenye asili mchanganyiko.

Hadi hapo sioni dosari kubwa. Dosari zilianza kuingia kutoka nje, na ziliingizwa na watu wenye vyeo.

Mwezi Februari, kabla uteuzi haujaanza, magazeti yaliandika kwamba siku chache baada ya kifo Chauvin alikuwa tayari kukiri mauaji ya daraja la tatu kwa makubaliano, na kwamba William Barr, Mwanasheria Mkuu wa Marekani wakati huo, aliyakataa. Mazungumzo ya namna hiyo huwa hayaruhusiwi kabisa kutajwa mbele ya baraza, kwa sababu mtu anaweza kujadili kukiri kwa sababu nyingi, hofu ikiwemo. Kisha ikaja fidia ya milioni 27. Nayo ni jambo ambalo baraza halipaswi kulisikia: jiji linaweza kulipa ili kukwepa gharama, aibu au kesi ndefu, bila askari wake kuwa na hatia ya jinai. Lakini raia wa kawaida anayeisikia redioni atafikiri, na ni haki yake kufikiri, kwamba hakuna anayelipa pesa hizo kama hajui kuwa amekosa. Familia ya Floyd ilistahili kulipwa, na silipingi hilo hata kidogo. Ninachopinga ni kulitangaza katikati ya wiki za kuteua baraza, wakati wiki chache za subira zisingewapunguzia hata dola moja. Cahill mwenyewe alionyesha wazi kukerwa na viongozi wa jiji. Gharama ya haraka yao ilikuwa wajumbe wawili, na ingeweza kuwa zaidi.

Halafu ikaja tarehe 11 Aprili. Kesi ikiwa katikati, askari Kim Potter alimpiga risasi na kumuua Daunte Wright, kijana mweusi wa miaka 20, huko Brooklyn Center, kitongoji cha kaunti ileile. Maandamano yalianza usiku huohuo. Asubuhi Nelson alisimama kuomba wajumbe wahojiwe upya na wafungiwe hotelini mara moja, akieleza kuwa mmoja wao anaishi Brooklyn Center. Jaji alikataa. Wangeendelea kurudi makwao kila jioni hadi watakapoanza kujadili uamuzi, wakiwa wameagizwa wasifuatilie habari.

Katika mambo yote ya kesi hii, hilo ndilo naona Cahill alikosea. Agizo la kutotazama habari hufanya kazi habari inapokuwa kwenye televisheni, kwa sababu televisheni huzimwa. Halifanyi kazi helikopta zinapopita juu ya paa lako, amri ya kutotoka nje inapotangazwa kwenye mji wako, na maduka ya njia unayopita yanapogongelewa mbao madirishani. Jengo la mahakama lenyewe lilizungushiwa uzio wa zege na waya wenye miiba, likilindwa na wanajeshi wa Jeshi la Taifa la Akiba. Mjumbe aliyepitishwa hapo kila asubuhi hakuhitaji gazeti kujua mji unaogopa nini. Mjumbe mmoja wa akiba, ambaye hakushiriki kupiga kura, aliwaambia waandishi baada ya kesi kwamba kabla ya kuteuliwa alikuwa na hisia mchanganyiko: hakutaka kuona ghasia na uharibifu tena, na alihofia watu kumfuata nyumbani kama uamuzi usingewapendeza. Alisema pia kwamba ushahidi ulimridhisha. Namwamini kwa yote mawili. Lakini hofu ya aina hiyo haipimwi kwa dodoso, kwa sababu mtu anaweza kuwa hana upande kabisa na bado akaogopa.

Wanasiasa wakazidi kuchochea. Jumamosi ya tarehe 17 Aprili, siku mbili kabla ya hoja za mwisho, mbunge Maxine Waters wa California alifika Brooklyn Center na kuwaambia waandamanaji wabaki mtaani na wawe wakali zaidi kama Chauvin hatatiwa hatiani. Jumatatu, baada ya hoja za mwisho, Nelson aliomba kesi ivunjwe. Cahill alikataa, ila alisema mbele ya kamera kuwa huenda mbunge huyo amempa Nelson hoja ya rufaa itakayoweza kuifuta kesi nzima, na akawaomba viongozi waache kuizungumzia kesi hii kwa namna isiyoheshimu sheria. Siku iliyofuata, tarehe 20 Aprili, Rais wa wakati huo, Joe Biden, alisema anaomba uamuzi uwe wa haki, na kwamba kwa maoni yake ushahidi ni mzito mno. Alijitetea kuwa baraza lilikuwa limeshafungiwa. Ni kweli lilikuwa limefungiwa, lakini rais wa nchi hana sababu yoyote ya kupima ushahidi wa kesi ya jinai hadharani wakati watu 12 bado wako chumbani.

Baada ya kama saa kumi za majadiliano, tarehe 20 Aprili 2021, walirudi: hatia, mashtaka yote matatu. Mwezi Juni akapewa kifungo cha miaka 22 na nusu.

Lililofuata lilimhusu mmoja wa wale 12. Picha ilisambaa ikimwonyesha Washington mwezi Agosti 2020, kwenye kumbukumbu ya maandamano ya Martin Luther King ya mwaka 1963, akiwa amevaa fulana yenye maneno ya kudai goti litolewe shingoni. Kwenye dodoso alikuwa amejibu hapana kwa swali la kama amewahi kushiriki maandamano dhidi ya ukatili wa polisi. Yeye alieleza kuwa aliichukulia safari ile kuwa ya kuhamasisha watu kupiga kura na ya kumbukumbu. Utetezi uliomba kikao maalumu cha kumhoji, Cahill alikataa. Hapa maoni yangu ni magumu kidogo kwa pande zote. Mtu huyu hakuficha msimamo wake: alipohojiwa alisema wazi kuwa analipenda sana vuguvugu la Black Lives Matter, na Nelson, akiwa bado na nafasi za kumkataa, alimkubali. Hata hivyo swali la dodoso lilikuwa pana, na jibu lake lilipaswa kuwa ndiyo, na maelezo yafuate. Kikao kifupi cha kumuuliza kingegharimu asubuhi moja na kingewanyima sauti wale waliosema kuna kitu kimefunikwa.

Rufaa zilikwenda hatua kwa hatua. Mahakama ya Rufaa ya Minnesota ilithibitisha hukumu mwezi Aprili 2023, ikikataa hoja za kuhamishwa kwa kesi, za kuwafungia wajumbe na za ulinzi kuzunguka jengo. Mahakama ya Juu ya jimbo ilikataa kusikiliza mwezi Julai mwaka huo, na ile ya Marekani mwezi Novemba.

Wanaoendelea kudai kwamba Hennepin ndiyo iliyomfunga Chauvin wana kesi nyingine ya kuitazama. Mwezi Januari 2022, jijini St. Paul, Jaji Paul Magnuson wa mahakama ya shirikisho alianza kesi ya askari wenzake watatu waliokuwepo siku ile: Tou Thao, J. Alexander Kueng na Thomas Lane. Baraza lilichukuliwa kutoka jimbo zima la Minnesota, mijini na vijijini, na likapatikana kwa siku moja. Tarehe 24 Februari liliwatia hatiani wote watatu kwa kumnyima Floyd haki zake. Chauvin mwenyewe hakuwa kizimbani pamoja nao. Mwezi Desemba 2021 alikuwa ameshakiri katika mahakama hiyohiyo kwamba alimkandamiza Floyd kwa makusudi akijua anavunja haki zake, na kwamba aliendelea hata baada ya Floyd kupoteza fahamu.

Kukiri huko kunaniondolea wasiwasi kuhusu kama walimtia hatiani mtu sahihi. Hakuniondolei wasiwasi kuhusu usiku ule wa Aprili ambao wajumbe walirudi nyumbani kupitia mitaa yenye amri ya kutotoka nje. Walioamua hawakuwa na kukiri huko mbele yao, na askari atakayefuata kushtakiwa Hennepin au kwingineko huenda akawa na ushahidi unaobishaniwa zaidi, bila video ya dakika tisa, huku mtaa ukiwa na hasira ileile nje ya dirisha.